Picha Kali Zisizosema Kitu

Fungua simu yako sasa hivi utafute picha za Kitengela. Nitakutajia utakachokipata kabla hujamaliza kuandika jina. Kuna msichana amesimama mbele ya ukuta wa mabati, na nyuma yake taa za barabarani zimeyeyuka zikawa mipira ya rangi. Kuna nduthi inapita Namanga Road usiku, taa yake imevutwa kama uzi. Kuna Mmaasai mwenye shuka nyekundu amesimama kwa mguu mmoja, jua linazama, na mgunga mmoja umewekwa pembeni kabisa, pale penye theluthi, vile tulivyofundishwa. Chini ya kila moja kuna vijimoto vitatu na mtu ameandika: kali sana.

Ni kali kweli. Ukiivuta karibu unaweza kuhesabu kope. Lakini kesho asubuhi ukiulizwa uliona nini jana, hutakumbuka hata moja.

Kesi yangu naileta kwa watu wa rika langu, nyinyi wenye kamera za kulipia polepole na nyinyi wenye simu zilizopasuka kioo. Kamera tumeijua. Pa kuielekeza hatujapajua, na kibaya zaidi, hatutafuti. Tumefika darasa la kwanza, tukalipenda, tukakaa humo miaka mitano tukirudia somo lile lile na vifaa vya bei zaidi.

Hebu tumalize somo hilo hapa hapa, bure. Tundu la lenzi likifunguka sana, mwanga mwingi unaingia na nyuma ya mtu panakuwa ukungu. Likibanwa, kila kitu kinaonekana, karibu na mbali. Shata ikienda haraka, mtoto anayeruka anaganda hewani. Ikienda polepole, anavutika. ISO ikipanda unaweza kupiga gizani, ila picha inaota chembechembe. Mtu akiwa makini anayaelewa haya kwa wiki moja na anayazoea kwa miezi miwili. Hakuna siri nyingine.

Kwa nini basi tunauziwa haya haya kila wikendi? Kwa sababu yana kitu cha kuuza nyuma yake. Ukiambiwa picha yako haina makali, kuna lenzi. Ukiambiwa rangi zako zimekufa, kuna priseti. Ukiambiwa mwanga wako ni mbovu, kuna taa. Somo linalofuata halina duka. Linasema kaa hapo, uliza, nyamaza, rudi kesho. Nani atakuuzia kurudi kesho?

Niliwahi kulipia darasa la wikendi mbili hapa Kitengela. Siku ya mwisho tulitolewa nje kwa mazoezi, tukapewa msichana mmoja wa kupiga picha, sisi kumi na wawili tumemzunguka kama nzi kwenye embe. Tuliambiwa tuangalie macho yake yawe na makali. Saa mbili nzima hakuna aliyemuuliza jina, na mwalimu hakuona kuna kitu kimekosekana. Nyuma yake, mbuzi kama mia hivi walikuwa wanavuka barabara mbele ya boza la maji, na dereva wa boza ametoa kichwa dirishani anamtukana mchungaji. Sote tulikuwa tumefungua tundu la lenzi hadi mwisho. Wale mbuzi, lile boza na yule dereva wakawa ukungu mzuri wa rangi ya maziwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu na huo ukungu unapoanzia. Mjini kwingine labda unafuta ukuta tu. Hapa kwetu habari yenyewe iko nyuma ya mtu. Mji huu unabadilika ukiwa umesimama hivyo hivyo ukiuangalia. Sensa ya 2009 ilihesabu watu kama 58,000 Kitengela. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 150,000. Tembea dakika kumi kutoka barabara kuu: gorofa la nyumba za kupanga, zizi, kanisa la mabati, ploti ya hamsini kwa mia iliyozungushiwa waya, ishara ya mchoro wa mkono inayouza maji, ng'ombe watano wanaokula mahindi ya kuchoma yaliyotupwa. Tunayeyusha hayo yote ili mtu apendeze. Halafu tunasema Kitengela haina kitu cha kupiga, twende Diani.

Sasa wacha nikwambie kilichopotea. Tambarare za Athi-Kaputiei, ambazo Kitengela na Isinya zimekaa juu yake, zilikuwa njia ya nyumbu kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda kusini na kurudi. Wanasayansi waliofuatilia hesabu zao wanasema walikuwa zaidi ya 26,800 mwaka 1978. Mwaka 2011 walikuwa chini ya 3,000. Ardhi iligawanywa, ikauzwa, ikawekwa ua. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Fikiria picha zilizokuwa humo: familia inapokea pesa hizo huku mnunuzi wa ploti amekaa kwenye gari anangoja. Kaka wawili, mmoja anataka kuuza, mwingine hataki. Fundi wa waya na kazi yake ya siku moja. Takwimu tunazo. Nitafutie sasa albamu iliyopigwa na mtu wa hapa, mwaka baada ya mwaka, ya ua ukipanda na nyumbu wakipungua. Mimi nimeitafuta sana.

Mtu atasema hiyo ni kazi ya waandishi wa habari. Sawa, twende huko. Juni 2012, simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuua mifugo. Machi 2016, simba dume aliyeitwa Mohawk alitoka mbugani akafika Isinya, umati ukamzunguka, akamjeruhi mtu mmoja, na askari wa KWS wakampiga risasi akafa. Ukitaja jina hilo leo, kinachokuja kichwani ni nywele zake na mzoga wake. Lakini hebu fikiria mpiga picha mmoja siku ile ageuke, ampe simba mgongo na kuutazama umati. Angepata watu wameinua simu. Angepata watoto wa shule juu ya mabega, mwenye nduthi anayekaribia zaidi kila dakika, mzee aliyepoteza ng'ombe mwaka uliopita na ambaye hacheki. Umati ule ndio Kitengela na Isinya yetu. Simba alikuwa mgeni kwenye ardhi ambayo mababu zake walipita bure. Picha nzito ya siku ile ilikuwa nyuma ya wapiga picha, na kugeuka hakuhitaji lenzi mpya.

Nirudi kwa yule Mmaasai wa machweo, maana huyo ndiye anayenikera zaidi. Ile picha si yako, mtu wangu. Uliirithi. Mwaka 1971 Mirella Ricciardi alitoa kitabu cha picha kilichoitwa Vanishing Africa, Afrika inayotoweka. Mwaka 1980 kikaja kitabu Maasai, chenye picha za Carol Beckwith na maandishi ya Tepilit Ole Saitoti. Picha za aina hiyo ziliuza kwenye meza za sebule za Ulaya na Marekani, zikageuka kadi za posta, zikageuka ukuta wa hoteli, na sasa zimefika kwenye simu yako. Angalia tulichofanya nacho lakini. Kitabu kile cha 1980 angalau kilimpa Mmaasai kalamu aandike kuhusu watu wake. Sisi tumechukua shuka tukaacha kalamu. Tunapiga picha leo yenye maneno machache kuliko ya miaka zaidi ya arobaini iliyopita.

Na unampiga nani? Mmaasai wa Kitengela pengine ndiye landlodi wako. Ana hati ya ardhi kwenye mfuko wa plastiki, ana kesi na binamu yake, ana Probox, ana binti chuoni anayemtumia pesa kwa simu badala ya yeye kumtumia. Ukimwambia avae shuka asimame kwenye kilima, unamwomba aigize babu yake ili picha yako ipendwe na watu ambao hawatakuja Kajiado maishani mwao.

Nilikaa na mzee mmoja Bissil, karibu na soko la mifugo, tukingoja nyama iive. Vijana wawili wenye kamera walipita, wakamsalimia vizuri tu, wakampiga picha kama kumi, wakaenda. Nikamuuliza kama anawajua. Akacheka.

"Kijana, mimi nimepigwa picha tangu nikiwa moran. Wazungu, watu wa Nairobi, sasa na nyinyi. Sijawahi kuona hata moja. Naskia mimi niko kwa kalenda."

Sikuwa na la kumjibu. Huyo mzee amekuwa sura ya wilaya nzima na hana picha yake mwenyewe ukutani. Kama kuna aibu katika kazi hii yetu, ni hiyo, wala si picha iliyotikisika.

Najua majibu yenu, kwa hivyo nitayachukua moja moja.

La kwanza: hizi ni hadithi za watu wasio na renti. Mteja analipia ukungu, nampa ukungu. Nakubali kwamba tumbo halina tafsida, na mimi pia nahaso. Lakini usiniambie kazi ya mteja inazuia picha nzuri. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948. Wateja wake walikuwa watu wa mjini waliotaka kupendeza, kama wako tu. Kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, na kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Leo ukitaka kujua vijana wa Bamako walijiona vipi miaka ile ya kuelekea uhuru, unaenda kwa picha hizo. Karibu na nyumbani, Omar Said Bakor kule Lamu alikata na kubandika picha za wateja wake, akatengeneza picha ambazo hakuna kamera ingezipiga peke yake. Wapiga picha wa kivukoni Likoni miaka ya tisini walijenga vibanda vyenye ndege na meli za kuchorwa, na abiria akajipiga akiwa anasafiri mahali ambapo nauli yake haifiki. Hao wote walikula kwa mteja. Walimpa alichotaka, wakampa na mji wake ndani ya fremu ile ile.

Wewe Jumamosi una ruracio. Mpe bibi harusi picha yake laini, amelipia. Halafu tumia dakika tano kwa shangazi wanaokataa kufungua geti hadi waongezwe pesa, kwa mikono inayohesabu noti chini ya meza, kwa mjomba aliyelala kwenye hema kabla hotuba hazijaisha. Baada ya miaka ishirini, familia itatafuta hizo.

La pili: sina vifaa. Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, alipoteza mkono wa kushoto Addis Ababa mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka. Alivaa mkono wa bandia akarudi kazini, akafanya kazi hadi alipokufa kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka Komoro Novemba 1996. Wewe una mikono miwili na simu yenye kamera tatu. Tuheshimiane.

La tatu ndilo la maana: bila misingi utatoa takataka na kuiita sanaa. Kweli kabisa. Simtetei mtu anayeshindwa kushika simu sawasawa halafu anasema ni hisia. Misingi ni kama leseni ya udereva: bila hiyo hufai kuwa barabarani, lakini leseni haijawahi kumwambia dereva anaenda wapi. Picha ambazo Amin alizipiga Korem, Ethiopia, mwaka 1984, zikaonyeshwa na BBC na kuamsha dunia, zilipigwa na mtu aliyejua kamera usingizini. Kilichompeleka pale lakini kilikuwa kingine. Alikuwa ameshazunguka eneo hili kwa zaidi ya miaka 20, na alijua mlango gani wa kubisha ili apate kibali.

Halafu ona kilichofuata. Ile njaa ikawa muundo. Kila ukame, mtoto yule yule, nzi wale wale, mkono ule ule umenyooshwa. Picha iliyokuwa nzito kwa sababu mtu alifika na akaona, ikawa nyepesi kwa sababu watu waliokuja baadaye walishajua watakachoona kabla hawajashuka kwenye gari. Ndiyo maana sisemi muige Amin. Hata picha bora duniani ukiinakili unabaki na ganda.

Na hakuna aliyesema uzito lazima uwe msiba. Mimi Cherono Ng'ok, Mkenya mwenzetu, picha zake nyingi ni mimea, vyumba, watu walio karibu naye. Ziko kimya na haziringi kwa makali. Mwaka 2021 zilionyeshwa Art Institute of Chicago. Wengi wetu tungezifuta kwenye simu kabla ya kuzitazama mara ya pili, kwa sababu hazipigi kelele.

Sasa utauliza tufanye nini. Chagua mahali pamoja unapoweza kufika kwa miguu. Kisima kinachojaza maboza. Ngazi za gorofa lenu. Noonkopir saa kumi na moja asubuhi, akina mama wakifungua vibanda. Kama uko Kajiado mjini, fuata reli ya Magadi inayopita hapo tangu enzi za mkoloni, ujue ni nani anaishi kando yake na anaitumia kwa nini. Nenda mara ishirini. Mara tatu za kwanza utarudi na picha ambazo kila mtu anazo. Mara ya kumi utakuwa umemaliza vitu vizuri, utachoka, utasema hapa hapana kitu. Usihame. Hapo ndipo unaanza kuona vitu ambavyo haviko kwenye somo la mtu yeyote, kwa mfano kwamba dereva mmoja wa boza hunawa uso kabla ya kila safari, na mwingine haongei na mwenye kisima tangu mwezi uliopita.

Jua jina la mtu kabla ya jina la lenzi utakayotumia. Akikataa, amekataa, rudisha kamera mfukoni na mwendelee na stori. Nyuma ya kila picha andika kwa Kiswahili ni nani, ni wapi, ni lini, na alisema nini. Ukikosa cha kuandika, hiyo picha ni ya mtu aliyepita tu. Funga tundu la lenzi kidogo, uache mji uingie. Sogea hadi usikie wanachoongea. Na uchapishe. Picha ndogo ya karatasi ni bei ya soda. Mpelekee mwenyewe, ukae, umsikilize akiisoma, maana atakuonyesha kitu ambacho hukukiona: ile sufuria ni ya mama yangu, huyo mbwa alikufa, hapo sasa pana ukuta.

Na tuzitoe kwenye simu. Boniface Mwangi alipomaliza kupiga ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, hakuziacha gazetini zikafungiwe mandazi. Kupitia Picha Mtaani zilitundikwa barabarani miji mbalimbali, watu wakapita na mifuko yao ya soko, wakasimama, wakagombana mbele yake, wakalia. Hakuna aliyeuliza zilipigwa kwa kamera gani. Kitengela ina kuta za mawe kilomita kwa kilomita. Tukiomba ukuta mmoja, tukabandika picha ishirini za watu wanaopita hapo kila siku, zenye majina yao, tutajua kwa nusu saa kama zina kitu au hazina. Watu wa mtaani hawana adabu ya vijimoto vitatu. Picha isiyosema kitu wataipita kama wanavyopita tangazo la mganga.

Mimi nimechagua kisima, na niko mara ya saba. Picha bado ni za kawaida na mwenye kisima bado ananiita "mtu wa kanjo". Ila Ijumaa alinionyesha picha ya karatasi kutoka pochi yake, imekunjika katikati: baba yake amesimama mahali hapo hapo kabla hakijachimbwa, hakuna nyumba hata moja, na kwa mbali kabisa, nyuma, kuna mstari mweusi mrefu. Nikamuuliza ni miti?

Akaniambia, "Hiyo si miti. Ni nyumbu."

Aliyepiga hakuwa na lenzi ya maana, na picha imefifia rangi. Lakini hakuifuta ile nyuma.